SHIHATA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu shirika la habari la taifa la Tanzania

SHIHATA ni nini hasa?

Ni kifupi cha Shirika la Habari Tanzania. Lilikuwa shirika la umma lililoundwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 1976. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za ndani ya nchi, kuzihariri na kuzigawa kwa magazeti, redio na wateja wengine, na pia kupokea habari za nje ili zifike kwenye vyumba vya habari vya hapa nchini. Halikuwa gazeti wala kituo cha redio. Hakuna aliyekwenda kwa muuza magazeti akaomba auziwe SHIHATA. Msomaji alikutana nayo ndani ya magazeti ya Uhuru au Daily News, msikilizaji akaisikia ndani ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na mara nyingi hakujua kwamba maneno yale yalitoka kwingine.

Ndiyo maana vijana wengi leo hawalijui jina hili, ingawa wazazi wao walisoma kazi zake kwa miaka mingi.

Shirika la habari linatofautiana vipi na gazeti?

Gazeti linamwandikia msomaji. Shirika la habari linamwandikia mhariri. Tofauti hiyo inabadilisha hata namna ya kuandika. Mwandishi wa shirika hajui habari yake itapewa nafasi gani huko iendako: pengine ukurasa mzima, pengine aya mbili chini ya tangazo. Kwa hiyo anaweka kiini chote kwenye aya ya kwanza, yaani nani, nini, wapi na lini, kisha anaendelea kwa kushuka kutoka lililo zito hadi lililo jepesi. Mhariri akikosa nafasi, anakata kutoka chini bila kuharibu kitu. Mtindo huo, ambao leo kila mwanafunzi wa uandishi wa habari anafundishwa kama amri, ulikomazwa na mashirika ya habari zama za simu ya waya (telegrafu), kila neno lilipokuwa likilipiwa.

Wazo hili lilianzia wapi?

Paris, mwaka 1835, pale Charles-Louis Havas alipofungua shirika lake la kukusanya na kuuza habari. Wawili kati ya watu waliofanya kazi kwake wakaja kufungua ya kwao: Bernhard Wolff mjini Berlin mwaka 1849, na Paul Julius Reuter mjini London mwaka 1851. Kabla ya hapo, Reuter alikuwa ametumia njiwa kubeba habari kati ya Aachen na Brussels, mahali ambapo waya wa simu ulikuwa haujaunganishwa. Ng'ambo ya bahari, magazeti ya New York yalikuwa yameungana mwaka 1846 na kuunda Associated Press.

Jambo linalotuhusu sisi zaidi lilitokea mwaka 1870. Havas, Reuters na Wolff walitia saini mkataba wa kugawana dunia. Kila mmoja alipewa maeneo yake ya kukusanya na kuuza habari, na himaya ya Uingereza ikawa ya Reuters. Mgawanyo huo ulitangulia mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika kwa zaidi ya miaka 10. Waya wa chini ya bahari ulipofika Zanzibar mwaka 1879 ukitokea Aden, pwani yetu iliunganishwa na London kabla haijaunganishwa na Tabora. Mpangilio huo wa nyaya ulidumu kuliko ukoloni wenyewe: kwa miaka mingi baada ya uhuru, habari ya nchi moja ya Afrika ilikwenda kwanza Ulaya, ikahaririwa na mtu wa Ulaya, ndipo ikarudi kwa jirani.

Kabla ya 1976 habari za nchi zilikusanywaje?

Kila chombo kilijitegemea. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jarida lake la Kiswahili, Mambo Leo, tangu 1923, na walowezi na wafanyabiashara walikuwa na Tanganyika Standard tangu 1930. Redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951. Chama cha TANU kikaanzisha gazeti la Uhuru mwaka 1961. Tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha The Standard, na mwaka 1972 gazeti hilo likaunganishwa na The Nationalist la chama kuwa Daily News.

Pamoja na mabadiliko yote hayo, waandishi wengi walibaki Dar es Salaam. Ofisi zilikuwa Dar es Salaam, mitambo ya kuchapa ilikuwa Dar es Salaam, mawaziri walikuwa Dar es Salaam. Nchi nzima ilikuwa ikijisoma kutoka mji mmoja.

Kwa nini shirika liliundwa mwaka 1976 na si mapema?

Ghana ilikuwa na shirika lake tangu tarehe 5 Machi 1957, siku moja kabla ya uhuru wake. Kenya ilianzisha la kwake mwaka wa uhuru, 1963. Tanzania ilichelewa, na ilipofika ilikuta msafara umekwisha kuanza. Mwaka 1975, shirika la Yugoslavia, Tanjug, lilianza kuratibu ubadilishanaji wa habari kati ya mashirika ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Julai 1976 mawaziri wa habari wa nchi hizo walikutana New Delhi kuupa mpango huo sura rasmi. Mwaka huohuo Nigeria nayo ikatunga sheria ya kuunda shirika lake. Ili nchi iingie kwenye mtandao wa kubadilishana habari, lazima iwe na shirika la kuzituma na kuzipokea. Bila hilo ungebaki mteja tu.

Kuna jambo jingine lisilopaswa kuachwa nje ya historia hii. Mwaka 1976 ndio pia uliotuletea Sheria ya Magazeti, Na. 3, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Sheria zote mbili zilizaliwa katika fikra moja, kwamba habari ni mali ya ujenzi wa taifa na serikali ndiyo msimamizi wa ujenzi. Ukiisoma moja bila nyingine hutaielewa SHIHATA.

Je, ni kweli kwamba Rais Mkapa aliwahi kuiongoza?

Ndiyo. Benjamin Mkapa alikuwa mkurugenzi mwanzilishi wake, mwaka 1976. Alifika hapo akiwa mwanahabari aliyekomaa: alikuwa amehariri The Nationalist na Uhuru, kisha Daily News, halafu akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere kuanzia 1974. Hakukaa sana SHIHATA. Mwaka huohuo wa 1976 alitumwa Nigeria kuwa balozi, na mwaka 1977 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Aliiacha ikiwa changa mno.

Mengine kuhusu Mkapa na SHIHATA yanakuja mbele, kwenye swali la kifo cha shirika hilo.

Habari ilitokaje mkoani hadi gazetini?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kijana aliyekulia na simu ya mkononi hana namna ya kuliwazia bila kusimuliwa.

Chukua Kigoma. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200. Barua ilipanda treni. Kama jambo limetokea leo na linatakiwa kesho, mwandishi alikuwa na simu ya mezani iliyopitia kwa opereta, simu ya maandishi ya posta, au teleksi, mtambo wa kutuma maandishi kwa waya, pale ilipokuwepo, mara nyingi kwenye ofisi ya posta au ya serikali. Kwa simu ya mezani, aliisoma habari neno kwa neno na upande wa pili mtu akaipiga taipu papo hapo. Majina ya watu na vijiji yalitamkwa herufi kwa herufi. Laini ikikatika katikati ya sentensi, unaanza upya kumtafuta opereta.

Mezani Dar es Salaam mhariri aliichuja, akapima kama madai yana chanzo, akaipa kichwa, ikaingizwa kwenye mtambo. Kwenye vyumba vya habari vya wateja, teleprinta ilikuwa ikigonga mchana kutwa na kutapika karatasi ndefu isiyokatika. Kazi ya kijana mgeni katika chumba cha habari ilikuwa kuichana karatasi hiyo na kuipeleka kwa mhariri wa zamu. Umeme ukikatika, mtambo ulinyamaza na habari zikapotea, isipokuwa aliyezituma akubali kuzirudia.

Sasa fikiria kwamba baada ya safari yote hiyo, habari yenyewe inahusu pamba iliyokwama ghalani kwa sababu lori halina mpira. Ilichapishwa aya nne. Kwa mkulima wa pamba, aya hizo nne zilikuwa gazeti zima.

Thamani yake kubwa ilikuwa ipi?

Mwandishi wa mkoani. Kuna watu hudhani thamani ya shirika la taifa ni kuijibu Ulaya, na hilo lilisemwa sana kwenye hotuba za wakati huo. Mimi naona thamani yake ilikuwa karibu zaidi. Gazeti linaishi kwa mauzo na matangazo, na vyote viwili viko mjini. Hakuna hesabu ya biashara inayoweza kumlipa mwandishi akae Rukwa mwaka mzima kusubiri habari. Shirika la umma, linalogawa gharama hiyo kwa taifa zima, linaweza. Habari yake moja ikiingia redioni na kwenye magazeti mawili, mshahara wa mwandishi yule umefanya kazi mara tatu.

Mwandishi anayeishi mahali hujua nani ni nani. Anajua daraja lilizolewa lini, na kwamba ahadi ya kulijenga hii ni ya tatu. Mwandishi anayeletwa na msafara wa waziri asubuhi na kuondoka nao jioni anaandika hotuba ya waziri.

Iliandika Kiswahili au Kiingereza?

Wateja wake walidai vyote viwili. Uhuru na Radio Tanzania walihitaji Kiswahili, Daily News ilihitaji Kiingereza, na mashirika ya nje yaliyobadilishana nayo habari hayakusoma Kiswahili. Huduma yake ya Kiingereza ilisikika mbali. Vitengo vya kufuatilia matangazo ya nje, kile cha BBC na kile cha Marekani kilichoitwa FBIS, viliinukuu katika taarifa zao za kila siku, na mtafiti wa leo anaweza kukuta humo habari ambayo nakala yake haipatikani kwa urahisi hapa nyumbani.

Kazi ya kutafsiri habari za dunia chini ya shinikizo la saa ya kufunga gazeti ilikikomaza Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lilisanifu istilahi kwa utaratibu. Wahariri wa zamu hawakuwa na utaratibu huo wala muda. Habari imekuja saa kumi jioni, neno halipo, na saa kumi na mbili lazima lisikike redioni. Maneno tunayoyatamka leo kana kwamba yalikuwepo siku zote, kama vile “mkutano wa kilele” na “usitishaji mapigano”, yalizoeleka masikioni mwetu kupitia vyumba vya habari.

Je, ilikuwa mdomo wa serikali?

Kwa muundo wake, ndiyo. Ilikuwa mali ya serikali, katika nchi yenye chama kimoja ambacho tangu Februari 1977 kilikuwa CCM, na sheria iliipa nafasi ya kipekee katika kukusanya na kusambaza habari. Mhariri wake hakuwa na mshindani wa kumsuta akiacha jambo. Ziara, ufunguzi, mwenge na hotuba zilipata nafasi ambayo njaa, hasara ya mashirika ya umma na manung'uniko ya watu waliohamishiwa vijijini hayakuipata kwa kiwango kinacholingana.

Sisemi hivyo kuwadharau waandishi wake. Wengi walikuwa hodari, na kuna ustadi mkubwa katika kupenyeza ukweli ndani ya habari ya ziara: mkuu wa mkoa amezindua zahanati, na aya ya sita inasema dawa hazijafika tangu mwezi uliopita. Wasomaji wa zama hizo walijifunza kuanza kusoma kutoka chini. Lakini taifa halipaswi kuupata ukweli kwa kuviziana. Shirika lililojengwa kwa fedha za wananchi lilikuwa na deni kwa wananchi, na deni hilo halikulipwa lote.

PANA ilihusianaje na SHIHATA?

PANA ni shirika la habari la Afrika nzima. Liliundwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa tarehe 20 Julai 1979, likaanza kazi tarehe 25 Mei 1983, makao makuu yakiwa Dakar. Muundo wake ulitegemea mashirika ya kitaifa: kila moja litume habari za nchi yake kwenye kituo cha kanda, na Dakar izigawe kwa wote. Vituo vya kanda vilikuwa Khartoum, Lusaka, Kinshasa, Lagos na Tripoli.

Palepale ndipo udhaifu ulipokuwa. Kama mashirika ya kitaifa yanatuma hotuba za marais wao, bara zima litapokea hotuba za marais. Nchi nyingi pia hazikulipa michango kwa wakati. Katika miaka ya 1990 PANA iliundwa upya kibiashara na kuwa Panapress.

Na ule “mpango mpya wa habari duniani” uliozungumzwa sana?

Ulikuwa mjadala ndani ya UNESCO, ambapo nchi za Dunia ya Tatu zilidai uwiano katika mtiririko wa habari. Tume iliyoongozwa na Sean MacBride wa Ireland ilitoa ripoti yake mwaka 1980. Nchi za Magharibi ziliona hatari ya serikali kupewa kibali cha kudhibiti waandishi, na malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za Marekani kujitoa UNESCO mwishoni mwa 1984 na Uingereza mwaka uliofuata. Naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Habari za Afrika zilikuwa kweli zikiandikwa na wageni kwa ajili ya wageni, na ni kweli pia kwamba serikali nyingi zilizolalamikia jambo hilo ziliwabana waandishi wao wenyewe.

SHIHATA ilitofautiana vipi na Kenya News Agency?

KNA iliwekwa ndani ya wizara ya habari tangu mwanzo, ikitumia maofisa habari wa serikali waliotawanywa nchini. SHIHATA iliundwa kama shirika lenye sheria yake. Ajabu ni kwamba KNA, iliyoonekana kuwa na uhuru mdogo zaidi kimuundo, bado ipo na ina ofisi katika kaunti.

Kwa nini SHIHATA ilikufa?

Haikuwa kwa pigo moja. Uchumi wa miaka ya 1980 uliyabana mashirika yote ya umma: fedha za kigeni hazikuwepo, na vipuri, mafuta na karatasi vilikuwa adimu. Kisha soko likafunguka. Kuanzia mwaka 1988 magazeti binafsi yalianza kutokea. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi. Mwaka 1994 Tanzania Bara ilipata televisheni yake ya kwanza, nayo ikawa ya kampuni binafsi. Magazeti mapya yalikuwa na waandishi wao na faksi zao, na muda mfupi baadaye simu za mkononi na intaneti. Upekee uliowekwa na sheria ukawa maneno ya kwenye karatasi tu. Nani angelipia habari ya SHIHATA ya saa sita mchana iliyokwisha kutangazwa asubuhi?

Ilivunjwa katika kipindi cha urais wa Mkapa, kati ya 1995 na 2005, wakati mashirika ya umma kwa mamia yalikuwa yakiuzwa, yakiunganishwa au yakifutwa. Mkurugenzi wake wa kwanza ndiye aliyekuwa Ikulu ilipofungwa. Huwa nalifikiria jambo hilo kila ninapopita kwenye historia hii.

Nani alirithi kazi zake?

Idara ya Habari ya serikali, ambayo wengi huiita MAELEZO. Watu huzichanganya hizi mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. MAELEZO ni idara ndani ya wizara, na kwa miaka mingi mkurugenzi wake ndiye aliyekuwa Msemaji Mkuu wa Serikali. Kazi yake halali ni kuisemea serikali. Shirika la habari, hata la umma, kazi yake ni kuuliza. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, ile ya kuuliza ndiyo inayopungua. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilifuta Sheria ya Magazeti ya 1976 pamoja na ile ya Shirika la Habari.

Je, ni Tanzania peke yake iliyopoteza shirika lake?

Hapana. Afrika Kusini ilikuwa na SAPA tangu 1938. Hilo lilimilikiwa na magazeti yenyewe kwa ushirika, si na serikali. Wamiliki walipoona kila mmoja afadhali afanye kwake, lilifungwa tarehe 31 Machi 2015. Kwa hiyo kifo cha shirika la habari hakielezwi kwa umiliki wa serikali pekee.

Nani anafanya kazi ya mwandishi wa mkoani sasa?

Redio za jamii, waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa kila habari inayotoka, na watu wa kawaida wenye simu. Mwandishi anayelipwa kwa habari hana nauli ya kwenda kijijini, hivyo anakwenda pale anapopelekwa, yaani kwa aliyemwalika kwenye semina. Na video ya simu inaonyesha daraja limeanguka, lakini haisemi nani alipewa zabuni ya kulijenga. Hilo linahitaji mtu wa kwenda ofisini mara nne na kukataa kuondoka.

Nikitaka kusoma kazi za SHIHATA, nianzie wapi?

Anza na magazeti ya zamani: Uhuru, Mzalendo, Daily News na Sunday News. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha East Africana chenye hazina hiyo, na Maktaba Kuu ya Taifa ipo hapohapo jijini. Chagua mwezi mmoja, tuseme wa mwaka 1979 au 1983, na uupitie wote bila kuruka kurasa za ndani, kwa kuwa habari za mikoani zilikaa huko zaidi ya ukurasa wa mbele. Jina la shirika limewekwa mwanzoni au mwishoni mwa habari. Ukilikuta, tazama jina la mji linaloambatana nalo, kisha shuka hadi aya ya mwisho.